Aliyekosa alama za TCU apokelewe chuoni? Tujadili kwa hesabu

MwlRondo (Lindi):

Wakuu, salaam. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ofisi za taaluma za shule za huku Lindi na Mtwara hujaa wazazi wenye swali moja: mtoto kapata Division III, mbona mfumo wa chuo unamkataa? Naomba tujadili mambo mawili. La kwanza ni hesabu yenyewe, maana wengi wanaokataliwa hawajui wamekosa nini hasa. La pili ndilo zito: je, vyuo viruhusiwe kumpokea aliyepungukiwa pointi moja au nusu, hasa kama ametoka shule ambayo mwalimu wa Fizikia hayupo na maabara ni chumba chenye kufuli? Wapo wanaosema kigezo ni kigezo, na wapo wanaosema watoto wa Kusini wanabanwa mara mbili. Wenye uzoefu wa udahili, wanaofundisha mwaka wa kwanza na wazazi, karibuni. Majina ya wanafunzi tusiyataje.

UdahiliKwanza:

Mwalimu, nianze na hesabu kwa sababu malalamiko mengi huishia hapo hapo.

Division ya NECTA (Baraza la Mitihani) na pointi za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni mizani miwili, tena inakwenda kinyume. NECTA hujumlisha masomo matatu ya tahasusi: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Jumla ikiwa ndogo ndiyo nzuri, na Division III ni kuanzia 13 hadi 17. TCU hutazama masomo mawili tu yanayohusiana na kozi, na yote mawili lazima yawe prinsipo, yaani A hadi E. Hapo A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na jumla isipungue 4.0. S inapewa 0.5 lakini siyo prinsipo. General Studies haiingii popote kwenye hesabu hii.

Sasa chukua watahiniwa wawili wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Mmoja ana C, E na S. Kwa NECTA ni 3+5+6, sawa na 14, Division III. Mwenzake ana D, E na E: 4+5+5, sawa na 14, Division III ile ile. Ukija TCU, mwenye C na E ana 3+1, sawa na 4.0, amevuka. Mwenye D, E na E, masomo yake mawili bora yanampa 2+1, sawa na 3.0, kabaki nje. Huyu aliyebaki nje ana prinsipo tatu na aliyevuka ana mbili! Mzazi akiona hivyo lazima aseme kuna mkono wa mtu. Hakuna. Kipimo kinataka uzito kwenye masomo mawili, hakijali umegusa mangapi. Na mwenye C, S na F ana 16, naye ni Division III, lakini prinsipo yake ni moja, kwa hiyo hata jumla haifikiwi kutazamwa.

Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E 0.5. Kwao C mbili ndizo zinazofika 4.0. Ukiwapigia hesabu kwa mizani ya sasa utawapa matumaini ya bure, na fedha ya maombi itakwenda.

Halafu kuna sifa za kozi, ambazo ni jambo jingine. Mwanafunzi wa CBG mwenye C ya Jiografia, E ya Biolojia na S ya Kemia anazo 4.0 za shahada. Akiomba kozi inayotaka prinsipo ya Kemia na ya Biolojia anakatwa, na haki yake haijaguswa. Huyo abadili kozi dirisha la pili. Hali kadhalika aliyevuka 4.0 akaangushwa na ushindani kwa sababu nafasi ni chache. Hawa wawili tusiwachanganye na yule mwenye 3.0, maana dawa zao ni tofauti kabisa.

Kuhusu kama chuo kinaweza kulegeza: hapana. Tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja badala ya mfumo mmoja wa TCU, na watu wengi wakadhani chuo ndicho chenye mamlaka ya mwisho. Chuo huchagua, kisha orodha inakwenda TCU kuhakikiwa. Mwaka huo huo TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Chuo chenye akili hakiwezi kucheza na jambo hilo kwa ajili ya ada ya mtu mmoja.

Binti_Mikindani:

Kaka UdahiliKwanza, nashukuru, umenisaidia kuliona tatizo vizuri zaidi. Ile 4.0 inapima mwanafunzi na shule yake kwa pamoja, halafu matokeo yote anaandikiwa mwanafunzi.

Tuangalie Kemia karatasi ya tatu, ile ya vitendo. Kazi ya kutafuta ukolezi wa asidi inataka mtahiniwa apime kimiminika kwa pipeti, ajaze bureti (mrija wenye vipimo na koki), afungulie koki kwa vidole vya mkono mmoja huku mwingine ukizungusha chupa, asimamishe kwenye tone lile lile linalobadilisha rangi ya kiashiria. Tone moja au mawili yakizidi, usomaji umeharibika. Bureti inasomwa jicho likiwa usawa wa kimiminika, kwenye sehemu ya chini ya mkunjo wake. Kisha arudie mpaka apate majibu matatu yanayokaribiana, ndipo apige wastani. Haya yako mikononi, huwezi kuyapata kwa kunakili daftari. Pale bureti moja inapozungukwa na wanafunzi kumi, mmoja anashika na tisa wanatazama. Siku ya mtihani kila mmoja anapewa ya kwake, na wale tisa ndiyo mara ya kwanza kuishika. Hapo C inageuka D au E, na akili ya mtoto ni ile ile.

Wenzetu Uingereza wana utaratibu ambao chuo kinampunguzia masharti ya alama mwombaji aliyetoka shule au eneo lenye hali ngumu, na kigezo kinatangazwa mapema, kinajulikana. Hata hapa siyo jambo geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na mafunzo ya awali kwa wasichana wa sayansi ambao alama zao zilipungua kidogo, wakapitishwa humo kwanza ndipo wakaanza shahada. Basi napendekeza hivi: mwenye prinsipo mbili zenye 3.0, aliyesoma shule ambayo wizara yenyewe inajua haina mwalimu wa somo husika, apewe wiki 12 za maandalizi na mtihani mwishoni. Akifaulu aingie. Tunalalamika hatuna walimu wa Fizikia Tandahimba na Liwale, na wakati huo huo tunamfungia nje mtoto wa Tandahimba na Liwale ambaye angerudi kufundisha.

Msijute:

Dada Binti_Mikindani, hoja yako ya bureti naikubali yote. Lakini naomba nieleze kinachotokea darasani, kwa sababu mlango wa chuo siyo mwisho wa safari.

Mwaka wa kwanza hausubiri mtu. Kwenye kozi za sayansi, biashara na uchumi, mhadhiri wa hisabati huanza akiwa amechukulia kwamba kila aliyeko ukumbini anajua logi, aljebra ya vipeo na utafutaji wa mteremko wa grafu. Wiki ya tatu ameshapita hapo. Ukumbi una watu mia kadhaa, hakuna wa kusimamisha. Vyuo vingi vinagawa alama 40 kwa majaribio na kazi za muhula, 60 kwa mtihani wa mwisho. Aliyekosa msingi hupata 14 au 16 kwenye zile 40, maana jaribio la kwanza linamkuta hajashika kitu, na mtihani wa mwisho unabaki wa kujiokoa. Anaangukia sapu, yaani mitihani ya marudio, masomo matatu, manne. Sapu zinafanyika likizo, kwa hiyo hana muda wa kuziba pengo, anakariri tu. GPA, yaani wastani wa alama zake, ikishuka chini ya kiwango cha chuo anadisko, yaani anaondolewa masomoni.

Na hapa ndipo penye uchungu ambao wanaotaka milango ifunguliwe hawausemi. Aliyedisko kama alikuwa na mkopo, deni la Bodi ya Mikopo liko pale pale. Hana shahada, ana deni, na mwaka umeisha. Ukimwingiza mtu kwa huruma bila kumwandaa, gharama ya huruma yako anailipa yeye.

Tatizo la pili ni lugha, na nashangaa hakuna aliyeligusa. Mwenye E mbili za masomo ya sanaa mara nyingi anajua historia yake vizuri ukimuuliza kwa Kiswahili. Kinachomwangusha ni kuandika insha ya kurasa nne kwa Kiingereza chini ya saa moja. Hilo linatibika, lakini linataka kuandika kila wiki na kusahihishiwa sentensi kwa sentensi. Wiki 12 zako, dada, zinatosha kwa hisabati ya kuanzia na kwa mikono ya maabara. Kwa lugha hazitoshi hata kidogo.

Nchi hii imeshajaribu kugeuza vigezo kwa ukubwa, na tuna cha kujifunza. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, kisha aingie chuo kikuu kwa mapendekezo ya kazini na ya chama. Nia ilikuwa njema, watu wazima wenye uzoefu waliingia. Lakini nafasi za sayansi na uhandisi zilikosa watu na wasichana walipungua, maana aliyekwishaanza kazi na familia harudi kirahisi, na baada ya miaka michache masharti yakalegezwa kwa makundi hayo. Kisha Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu pale Chuo Kikuu cha Dodoma waliambiwa waondoke. Baadaye wakachambuliwa, wenye sifa wakapelekwa vyuo vya ualimu, wasio na sifa wakaachwa. Programu ilianzishwa kuziba upungufu ule ule wa walimu wa sayansi anaousema Binti_Mikindani. Waliobeba mzigo ni vijana ambao hawakughushi chochote, waliitwa wakaenda.

Kwa hiyo msimamo wangu: kiwango kibaki, na daraja la kukifikia lijengwe, liwe la mwaka mzima, liwe na mtihani wa kweli. Daraja hilo lipo tayari kisheria, ila huku kwetu halitangazwi. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi inayompokea wa kidato cha sita mwenye angalau 1.5 kutoka masomo mawili. Yule wa D, E na E anazo 3.0, anaingia. Wa C, S na F anazo 3.5, anaingia. Akimaliza na GPA ya 3.0 kwenye masomo sita ya msingi, na angalau C kwenye masomo matatu ya kundi lake, TCU inamtambua kama mwenye sifa linganifu. Chuo Huria kina vituo Mtwara na Lindi, hana haja ya kupanga chumba Dar.

Tahadhari: siyo kila kozi ya kila chuo inaitaja kozi ya msingi kwenye sifa zake. Asome mwongozo wa TCU ukurasa wa sifa linganifu za kozi anayoitaka kabla hajalipa.

Nanyamba_Korosho:

Wataalamu mmeongea vizuri, mimi naongeza la kalenda na la fedha, maana huku ndiko watoto wengi wanakopotelea hata wakiwa na sifa.

Dirisha la kwanza la maombi linafunguka mwezi wa saba. Wakati huo mkulima wa Newala, Nanyamba au Masasi fedha yote iko shambani, imekwenda kwenye salfa na vibarua. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na fedha ya chama cha msingi inaingia siku kadhaa baada ya mnada. Kwa hiyo mzazi anaomba chuo kimoja tu kwa kuogopa ada ya maombi, na mtoto anachagua kozi yenye ushindani mkubwa bila ya akiba. Akikosa, anaambiwa hana sifa. Fedha ya maombi itengwe kwenye malipo ya msimu uliotangulia, Desemba au Januari, mtoto akiwa bado kidato cha sita. Hakuna njia nyingine.

La pili ni vibanda vya steshenari. Mwenye kibanda anamjazia mtoto maombi na anaweka namba yake mwenyewe ya simu. Mtoto akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Ujumbe unakwenda kwa mwenye kibanda. Ikipita tarehe, nafasi imekwenda kwa mwingine. Namba iwe ya mtoto au ya mzazi, laini iwe hewani, na nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani.

La tatu, kwa wanaoambiwa "leta kiasi fulani tukuingizie": mfumo unavuta alama moja kwa moja kutoka NECTA kwa namba ya mtihani. Hakuna wa kuzibadilisha. Na ukighushi cheti ukapenya, uhakiki wa Aprili 2017 uliwaondoa watumishi wa umma 9,932, wengine wakiwa wamefanya kazi miaka mingi. Fedha hiyo kalipie kozi ya msingi.

Binti_Mikindani:

Msijute, kwenye lugha umenishinda, wiki 12 ni chache. Lakini kwenye fedha bado nabisha. Ukisema daraja lipo Chuo Huria, mwaka ule wa msingi nani anaulipia? Bodi ya Mikopo inakopesha wa shahada, na tangu 2023/24 wa stashahada kwenye baadhi ya fani. Kozi ya msingi haimo. Kwa hiyo daraja tunalolisifia ni la mwenye nacho, na mtoto aliyesoma shule mbovu kwa sababu nyumbani hakuna kitu ndiye asiyeweza kulivuka. Serikali ikitaka kiwango kibaki palepale, na mimi nakubali kibaki, basi ilipie daraja. Halmashauri zetu zinapata ushuru wa korosho kila msimu, hata wanafunzi ishirini kwa mwaka kwa kila halmashauri wangeonekana.

Msijute:

Hapo sina ubishi, dada. Wahalmashauri wanaosoma hapa walichukue.

MwlRondo (Lindi):

Nawashukuru sana. Sasa niulize la mtu wa PCB mwenye D ya Biolojia, E ya Kemia na E ya Fizikia, anayetaka udaktari na hataki kusikia kingine. Nimwambie nini? Je, arudie mtihani au aende stashahada?

UdahiliKwanza:

Mwalimu, udaktari wa binadamu unataka prinsipo zote tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, jumla isiyopungua 6, na kila moja angalau D. Yeye jumla ni 4 na ana E mbili. Kozi ya msingi asiifikirie kwa kozi hii. Ana njia mbili.

Kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea: usajili wa kidato cha sita kwa kawaida unafanyika kuanzia Julai hadi Septemba, mtihani Mei. Kwa kuwa matokeo yanatoka Julai, ana wiki chache za kuamua. Swali la kumuuliza siyo kama atasoma kwa bidii. Muulize atafanyia wapi vitendo. Masomo yote matatu yana karatasi ya vitendo, na bila kituo chenye maabara kinachomruhusu kuingia angalau mara moja kwa wiki kuanzia Januari, atapata E zile zile. Akikosa jibu la hilo, asijisajili.

Stashahada ya utabibu: miaka mitatu, na chuo cha maafisa tabibu kipo Mtwara. Inamtaka kwa matokeo ya kidato cha nne, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Akimaliza na GPA ya 3.0 anaweza kuomba udaktari. Mwenye 2.9 amefaulu stashahada yake, anaajirika, lakini shahada haimpokei, kwa hiyo alama za mwaka wa kwanza zina uzito asizichezee. Wakati wa kuomba shahada atahitaji namba ya uhakiki ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya stashahada). Aiombe mapema, asingoje wiki ya mwisho ya dirisha.

Na hili mwalimu ulikague leo leo kwenye cheti chake: udaktari kwa njia ya stashahada unataka pia D ya kidato cha nne kwenye Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Wengi wa PCB walifeli Hisabati kidato cha nne na hawakuulizwa tena. Utabibu utampokea bila hiyo Hisabati, atasoma miaka mitatu, atapata GPA nzuri, kisha atakataliwa udaktari kwa F ya zamani. Kama anayo hiyo F, ajisajili kurudia Hisabati peke yake ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wake uko mwanzoni mwa mwaka, mtihani Novemba. Aifanye akiwa mwaka wa kwanza wa utabibu, kabla ya mafunzo ya wodini hayajamjaa.

MwlRondo (Lindi):

Nimefungua jalada lake sasa hivi. Hisabati ana F. Kesho namwita yeye na mzazi wake.